Kamba ya mlimani kwenye mlingoti: kisa cha boti moja ya Nyumba ya Mungu

Usuli

Boti yenyewe ni ndogo: futi 18, mlingoti mmoja wa alumini wenye urefu wa mita 7, tanga kubwa la mita 9 za mraba na tanga la mbele la mita 5 za mraba. Haina mkuku mzito wa kudumu, yaani uti wa chini wa boti. Ina ubao unaoteremshwa majini wakati wa kusafiri na kuinuliwa boti inapokaribia ufukwe. Ilinunuliwa ikiwa imechoka, ikaletwa kwa gari hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi. Wenyewe ni watatu, wote wakazi wa Moshi. Majina yao nimeyaacha na alama za boti nimezifuta. Nitawaita Mwalimu, ambaye amestaafu na ndiye mkubwa wao kwa umri. Mangi, ambaye ana duka mjini. Na Kijana, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni mlimani. Bwawa nimelitaja kwa ruhusa yao, kwa sababu jua lake, vumbi lake na upepo wake ni sehemu ya kisa hiki.

Kwa asiyelijua, bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1960, pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana na kuwa Pangani. Lina mitambo ya umeme, lina wavuvi wa perege, na lina mamba pia, jambo ambalo huathiri sana maamuzi ya mtu anayefikiria kuruka majini ili kuikwamua boti. Liko kwenye nyanda kavu chini ya milima ya Upare. Asubuhi huwa shwari. Mchana upepo huamka, na wakati mwingine huamka bila kupiga hodi.

Mimi nafundisha na kukagua kazi za kamba mjini Moshi: mafundo, mizigo, uokoaji. Nilizaliwa pwani, kwa hiyo matanga siyo mageni kwangu. Natanguliza hili kwa sababu kosa la kwanza katika kisa hiki lilikuwa langu.

Neno moja kuhusu majina. Wenye boti walijifunza kusafiri kwa mgeni mmoja, nao husema "halyadi" na "shiti". Mimi nitatumia maneno ya watu wa majahazi: henza ni kamba ya kupandishia na kushushia tanga, demani ni kamba inayolishika tanga kwa nyuma, ile unayoivuta ukitaka kulikaza na kuilegeza ukitaka lifunguke. Gurudumu lililo juu ya mlingoti, ambalo henza hupita juu yake, ni roda. Mti wa chini ya tanga, ambao kwenye boti za namna hii hukaa mlalo, tutauita bumu kama wanavyouita wao.

Hali ya kamba za zamani

Waliponiita mara ya kwanza, henza ya tanga kubwa ilikuwa kamba ya manila, yaani ile ya plastiki ya bluu inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Aliyeifunga huenda alikuwa na haraka, au hakuwa na fedha. Ukiipitisha mkononi inakuachia unga na vijisindano. Polipropileni, ambayo ndiyo malighafi ya kamba hizo, inaelea majini, ni nyepesi na ni rahisi, lakini jua huila. Bwawani kuna jua la nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, na boti hukaa nje mwaka mzima. Nilikunja kipande cha henza hiyo kwa vidole viwili, nyuzi za nje zikakatika kama majani makavu.

Demani ya tanga kubwa ilikuwa ya poliesta, nzee, imelika mahali pamoja hadi kiini kinaonekana. Zile mbili za tanga la mbele zilikuwa ngumu kama fimbo. Mangi alikwisha kuziweka kwenye rundo la kutupa.

Uamuzi wa kwanza: kamba ya bure

Kijana alikuja na jibu. Kulikuwa na kamba mbili za kupandia miamba zilizostaafishwa katika kazi ya mafunzo, milimita 10, mita 60 kila moja. Hazikuwa na jeraha la kuonekana, ila umri wake ulikuwa umefika. Watengenezaji wengi wa kamba hizo huweka kikomo cha miaka 10 hata kama haikutumika, na mimi mwenyewe ndiye niliyeziondoa kazini. (Watu wa mbali hudhani Kilimanjaro hupandwa kwa kamba. Njia za kawaida kama Marangu na Machame hupandwa kwa miguu. Kamba hutumika kwenye mafunzo ya miamba na uokoaji.)

"Kaka," Kijana aliniambia, "kamba hii ilikuwa inaning'iniza watu. Itashindwa na kitambaa?"

Nami nikakubali. Sababu zetu wakati ule zilikuwa tatu, na nazieleza jinsi tulivyozifikiri, bila kuzipamba. Kwanza, fedha: kamba ilikuwa bure, na wenye boti walikuwa wamemaliza akiba yao kwenye rangi na mbao. Pili, nguvu: kamba ya kumbeba mtu anayeanguka ina nguvu mara nyingi kuliko tanga la mita 9 linavyodai. Tatu, na hii ndiyo mbaya zaidi, tuliiamini kwa sifa zake. Hatukumwuliza mtu sifa hizo ni za kazi gani.

Mwalimu peke yake alisita. Aliuliza kwa nini kamba ni nene kuliko ile ya zamani. Nikamjibu kwamba unene ni usalama. Leo nikikumbuka jibu lile natazama chini.

Tuliikata kwa kisu, tukachoma ncha kwa kiberiti, tukaipitisha. Ilipita kwenye roda, ingawa ilibidi kuisukuma. Safari mbili za kwanza zilifanyika asubuhi, upepo mdogo. Kila mtu alifurahi. Kitu kimoja tu kiliandikwa kwenye daftari la Mwalimu: tanga halikazi vizuri, mbele linafanya mikunjo. Wakadhani ni uzee wa tanga.

Siku ya tukio

Safari ya tatu walitoka watatu, saa nne asubuhi. Walikwenda mbali kuliko kawaida. Saa saba upepo ulibadilika, ukaja kutoka upande wa milima, na ndani ya dakika chache maji yalikuwa na povu.

Kijana alikuwa kwenye usukani. Alijaribu kurudi kwa kupiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kona kona, lakini boti haikukubali kuelekea upeponi. Ililala ubavu na kusukumwa kando. Kila upepo ulipozidi, mkunjo wa mbele ya tanga ulizidi nao, na tanga likawa limetuna kama mfuko. Mangi aliivuta henza kwa nguvu zake zote na kuifunga upya. Baada ya muda mfupi ilikuwa imelegea tena.

Mwalimu akaamua tanga kubwa lishushwe, warudi na tanga la mbele peke yake. Uamuzi ulikuwa sahihi. Waliifungua henza, tanga likashuka kama mita moja, likasimama hapo. Wakavuta kitambaa kwa mikono. Halikwenda. Wakajaribu kulipandisha ili lijikwamue, likapanda kidogo, lakini walipolishusha likakwama palepale.

Hapo wakafanya mambo mawili mazuri. Wakaiachia demani yote, tanga likabaki kupigapiga kama bendera bila kuisukuma boti kwa nguvu. Na wakateremsha tanga la mbele, ambalo henza yake ya zamani, mbovu hivyo hivyo, ilishuka bila ubishi. Jambo la tatu halikuwa zuri. Nanga ilitupwa ikiwa imefungwa kwa kipande kifupi cha manila, ikaburuzwa kwenye tope bila kushika. Boti ikasukumwa hadi kwenye matete, ikapita juu ya nyavu za wavuvi na kuchana mbili. Wavuvi walewale ndio waliokuja kuisaidia. Nyavu zililipwa siku iliyofuata, na hakuna aliyeumia.

Tulichokikuta juu ya mlingoti

Niliitwa kesho yake. Kwa kuwa boti haina mkuku mzito, tuliisogeza kwenye maji ya magotini karibu na kijiji, vijana wawili wakiangalia mamba, tukailaza ubavu hadi ncha ya mlingoti ikafika mkononi.

Roda ilitengenezwa kwa kamba ya milimita 8. Mfereji wake ulikuwa mwembamba kwa kamba ya milimita 10, ambayo ilikuwa imejibana humo kama mguu kwenye kiatu cha mtoto. Na chini kidogo ya roda, upande wa kuelekea mikononi, kulikuwa na uvimbe.

Kamba ya kupandia ina sehemu mbili: kiini cha nyuzi nyingi ndani, na ala iliyosukwa juu yake. Kamba ikizeeka na kutumika sana, ala hulegea juu ya kiini. Kila tulipoipitisha kwenye mfereji uliobana, roda iliikamua ala kama mtu anayekamua dawa ya meno. Tanga likipanda, ala inarudishwa upande mmoja. Likishuka, inarudishwa upande mwingine. Ncha tulizozichoma kwa kiberiti zilikuwa zimeachia. Ala ikajikusanya mahali pamoja, kama soksi iliyoteremka kwenye kifundo cha mguu, na lile rundo halikuweza kuingia kwenye roda.

Kwa nini basi lilipanda bila shida siku zote? Hili ndilo jambo ambalo sikuwahi kulifikiria vizuri kabla ya siku ile. Kupandisha tanga kuna mikono ya watu wawili na miguu iliyokitwa sakafuni. Kushusha kuna uzito wa tanga peke yake, kilo chache za kitambaa, tena upepo ukiligandamiza. Henza inayopanda kwa taabu ndogo inaweza isishuke kabisa. Nasi tulikuwa tumeipima kwa kupandisha tu.

Madumu chini ya mwarobaini

Kabla ya kununua chochote niliomba tupime. Nyuma ya duka la Mangi kuna mwarobaini wenye tawi zuri. Tulichukua vipande vya mita 5, tukavining'iniza kimoja kimoja, na chini yake tukafunga madumu manne ya lita 20 yaliyojaa maji, jumla kilo 80. Henza ya boti ya ukubwa huu, ikikazwa vizuri siku ya upepo, inaweza kubeba mzigo wa namna hiyo. Pia ndio uzito unaotumika katika kiwango cha Ulaya cha EN 892, ambacho huruhusu kamba moja ya kupandia irefuke hadi asilimia 10 chini ya kilo 80 zilizotulia.

Kamba yetu ya mlimani ilirefuka sentimita 42. Manila mpya ya milimita 8 ilirefuka kama nusu yake. Kipande cha poliesta cha milimita 8, ambacho Mwalimu alikiomba kwa rafiki yake wa Tanga, kilirefuka sentimita 6.

Geuza hesabu hiyo juu ya mlingoti wa mita 7. Kamba ya mlimani ingerefuka zaidi ya nusu mita. Ndiyo mikunjo iliyoandikwa kwenye daftari. Ukingo wa mbele wa tanga ukilegea, tumbo la tanga linarudi nyuma, boti inalala ubavu badala ya kwenda mbele, na haiwezi tena kuelekea upeponi. Na ubaya wake ni kwamba hulegea zaidi kadiri upepo unavyozidi, wakati ule ule unapotaka tanga likae bapa.

Kijana alikaa kimya akiyatazama madumu yakicheza juu na chini kama yamefungwa kwenye mpira. Kisha akasema, "Lakini ndiyo kazi yake, kaka." Alikuwa na haki. Kamba ya kupandia hutengenezwa kwa nailoni ili irefuke. Mtu akianguka, urefukaji huo ndio unaomeza kishindo na kuuokoa mgongo wake. Kiwango kile kile kinaruhusu hadi asilimia 40 katika anguko la kwanza. Kamba isiyorefuka ingeweza kumuua.

Mangi aliuliza kuhusu katani, kwa kuwa mkonge upo tele na kamba yake ni rahisi. Ni swali la haki. Tangu Richard Hindorf alipouleta mkonge mwaka 1893, kanda hii yote imeishi nao, na majahazi mengi yalivutwa kwa katani na kumbi kabla ya nailoni kufika. Lakini katani hunywa maji, huvimba, huwa nzito, na huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Kwenye roda ya mfereji mwembamba, kamba inayovimba ikilowa ingeturudisha kwenye matete.

Uamuzi wa pili: kununua

Moshi, nilikoulizia, sikuipata kamba ya poliesta iliyosukwa mara mbili, yaani ala ya poliesta juu ya kiini cha poliesta. Kulikuwa na manila, nailoni ya misokoto mitatu, na kamba za kufungia mizigo ya malori. Kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 500. Mombasa, ukipitia Holili na Taveta, ni karibu zaidi, na Mangi alikuwa na safari ya huko ya biashara zake. Tukamwandikia karatasi.

Muuzaji alimpa chaguo mbili. Ya kwanza ilikuwa poliesta. Ya pili ilikuwa Dyneema, nyembamba kama kamba ya viatu vya jeshi, ambayo hairefuki karibu kabisa na ina nguvu za kutisha. Mangi alinipigia simu akiwa dukani, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuipenda Dyneema.

Nilimwambia aiache, na sababu hazikuwa za bei tu, ingawa bei ilikuwa zaidi ya mara mbili. Meno ya kushikia kamba kwenye boti ile yalitengenezwa kwa milimita 8. Kamba ya milimita 5 ingeteleza. Nyuzi zenyewe zinateleza kiasi kwamba mafundo ya kawaida huachia, na njia sahihi ni kuisuka ncha irudi ndani ya kamba yenyewe, kazi ambayo hakuna kati yao aliyeijua. Na boti haina mashine ya kuvutia; kila kitu huvutwa kwa mkono mtupu, na kamba nyembamba hukata kiganja. Kama wangekuwa wanashindana ningesema vingine. Wao wanakwenda kutembea na kula perege.

Nguvu haikuwa hoja hata kidogo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde hulisukuma tanga la mita 9 za mraba kwa nguvu ya kama kilo 60 hadi 80. Poliesta ya milimita 8 hukatika kwenye zaidi ya tani moja. Hata ukikata karibu nusu kwa ajili ya fundo, maana kila fundo hupunguza nguvu ya kamba, bado unabaki na akiba kubwa. Milimita 6 ingetosha kwa nguvu. Tulichukua 8 kwa sababu ya roda, meno na mkono.

Henza ya tanga kubwa ikawa poliesta ya milimita 8, aina iliyokwisha kunyooshwa kiwandani, mita 16. Hesabu yake: tanga likiwa chini, kamba hutoka kichwani mwa tanga hadi juu, mita 6, hushuka hadi chini ya mlingoti, mita 7, na mita 2 za kushika. Mita moja iliyobaki ni ya kukata. Henza hulika mahali palepale kila siku, pale inapokaa juu ya roda tanga likiwa limepanda. Ukikata sentimita chache kwenye ncha kila mwaka, mahali pa kulika panahama.

Demani ya tanga kubwa ikawa milimita 10, ya uso laini wenye manyoyamanyoya, kwa kuwa inashikwa mkononi safari nzima. Hiyo haipandi kwenye roda ya mlingoti. Makapi yake, yaani magurudumu inamopita, ni mapana. Kamba ya kupunguzia tanga ikawa milimita 8 yenye alama nyekundu, ili Mwalimu aweze kusema "vuta nyekundu" bila kueleza.

Henza ya tanga la mbele haikununuliwa. Fedha ziliisha. Tuliweka manila mpya ya milimita 8, tukijua itadumu kwa miezi, siyo miaka, na Mwalimu akaandika tarehe kwenye daftari.

Zile demani mbili ngumu kama fimbo niliziloweka usiku kucha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuogea. Maji yalitoka rangi ya chai ya maziwa. Vumbi la Nyumba ya Mungu ni mchanga laini, huingia kati ya nyuzi na kuzisaga kama msasa kila kamba inapopinda. Baada ya kusuuza mara nne na kuanika kivulini, kamba zilikuwa laini na nzima. Zilikuwa zitupwe.

Kosa la pili: mita sita

Demani iliyokuja kutoka Mombasa ilikuwa mita 10. Ilitakiwa 16.

Nani alipima? Mimi na Kijana, bumu likiwa katikati ya boti, limefungwa. Demani ile hupita mara nne kati ya ncha ya bumu na sakafu ya tezi, yaani nyuma ya boti, ili mzigo ugawanywe. Bumu likiwa katikati, umbali huo ni mita 1.1. Mara nne ni mita 4.4, ongeza mbili za mkononi, tukajiona wakarimu tulipoandika 10.

Lakini boti ikienda na upepo wa nyuma, bumu la mita 2.6 hufunguliwa hadi karibu kutoka ubavuni. Hapo umbali kutoka ncha ya bumu hadi tezi unakuwa kama mita 3.5, na mara nne ni 14 kabla hujashika chochote. Kwa kamba ya mita 10 bumu lilifika nusu ya njia, likagoma. Safari ya kwanza ya kurudi na upepo wa nyuma, boti ilikuwa inajigeuza yenyewe, Kijana akipigana na usukani.

Kuunga kipande haikuwezekana, fundo lisingepita kwenye makapi. Tulichofanya ni kuondoa mipito miwili. Mara mbili 3.5 ni 7, na mbili za mkononi, 9. Ikatosha. Gharama yake ni mkono: mzigo ule ule sasa unavutwa kwa nguvu mara mbili. Siku za upepo mdogo hakuna anayelalamika. Siku za upepo mkali Mwalimu hamwachii mtu mwingine demani isipokuwa Mangi, ambaye ana mabega.

Matokeo

Miezi sita baadaye walipatwa na upepo wa milimani kwa mara ya pili. Tanga kubwa lilishuka kwa pumzi moja. Hata kabla ya kulishusha walikuwa wamelipunguza kwa kamba nyekundu, na boti ilikuwa bado inakubali kuelekea upeponi. Walifika ufukweni na tanga la mbele.

Kamba za mlimani hazikutupwa. Moja ilikatwa ikawa kamba ya nanga, mita 30, na vipande viwili vya kufungia boti ufukweni. Huko urefukaji ni neema: boti ikirushwa na wimbi, kamba inajinyoosha badala ya kuing'oa nanga au kung'oa chuma cha kufungia. Ncha zake safari hii nilizishona kwa uzi wa nta wa fundi viatu, ala na kiini pamoja, kabla ya kuzichoma. Na hakuna tena mtu atakayeningʼinia juu yake. Nilipaka rangi nyeupe kila baada ya mita tano ili isije ikarudi mlimani kwa bahati mbaya.

Manila ya tanga la mbele ilianza kutoa unga katika mwezi wake wa tano. Sasa imebadilishwa.

Uchambuzi

Tulianza na swali "ina nguvu kiasi gani?" na kamba ya mlimani ililijibu vizuri mno. Kwenye boti ndogo, karibu kila kamba iliyo sokoni ina nguvu ya kutosha ikiwa mpya. Maswali yaliyotupita ni mengine: inarefuka kiasi gani chini ya mzigo wa kazi? Inapita kwenye roda hii, siyo roda nyingine? Nani ataishika, na kwa muda gani? Inashuka?

Kuhusu "inashuka?", kipimo chake ni rahisi mno. Pandisha tanga siku ya utulivu, kisha achia henza usiiguse. Kama halishuki lenyewe hadi chini, usitoke. Tungelifanya hilo siku ya kwanza, tungeiona ile kamba ikisita.

Jaribio la madumu lilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, na siyo kwa sababu ya vipimo. Kijana alikuwa hawezi kukubali kwa maneno kwamba kamba ya uokoaji haifai. Ilikuwa kama kuitukana kazi yake. Alipoyaona madumu yakicheza, alilieleza jambo mwenyewe, tena vizuri kuliko mimi.

Kosa la urefu lilitoka mahali pengine. Tulipima boti ikiwa imelala. Kamba hupimwa pale inapodaiwa zaidi: henza tanga likiwa chini kabisa, demani bumu likiwa limefunguka kabisa. Njia salama ni kupitisha kamba yoyote mbovu ndefu kwenye makapi yote, kulisukuma bumu hadi mwisho wake, kisha kuitoa na kuilaza chini upime. Kamba mbovu ndefu tulikuwa nayo, kamba ya mlimani iliyobaki ndani ya gari la Kijana.

Nanga nayo isingewaacha kama kamba yake ingekuwa ndefu. Katika maji ya mita 3 walitoa kama mita 6. Kwa tope laini unataka mara tano ya kina au zaidi, ili nanga ivutwe kwa mlalo. Hili halikuwa kwenye orodha yetu ya kubadilisha, kwa sababu tuliita orodha ile "kamba za matanga".

Na swali la Mwalimu kuhusu unene. Alikuwa ameliona tatizo lote kwa jicho, siku ya kwanza, akiwa hajui jina la kitu hata kimoja. Nilimjibu kama mtaalamu. Demani mpya ya mita 16 imeagizwa. Safari hii amepima yeye.